Klabu haiko shamba ya patron: masapota tuombe kura, si maliyo

Ndugu na dada, vijana wa Lubumbashi, wa Kinshasa, wa Kisangani, wa Bukavu, na ninyi wote wenye kufunga tumbo juu mupate makuta ya tiketi,

Kila mara ekipe inapopoteza tunaimba wimbo uleule: "Komite itoke!" Kocha anafukuzwa. Mara ingine katibu naye anafukuzwa. Patron anachagua wengine, anawaonyesha kwa televizio na bendera ya klabu mukononi, na sisi tunapiga mikono. Kisha miezi sita wimbo unaanza tena. Kukasirika tunajua, hapo hakuna mwenye kutushinda. Lakini kuna swali moja hatuulizaka: hii klabu ni ya nani?

Niko na diplome ya iniversite na kazi sina, basi muda wa kusoma sheria ninao. Ninaandika kwa sababu hasira yetu inapotea njia. Tunalia patron mubaya aende, tunaomba patron muzuri akuje. Patron anapita, mwengine anaingia, na siku ya mukutano sisi hatuna hata kiti cha plastiki mule ndani. Musimamo wangu ni huu: tuache kutafuta patron muzuri. Tutafute kadi ya mwanachama, kura, na hesabu ya makuta yenye kuandikwa. Bila hivyo tutabaki wageni ndani ya nyumba tunayoita yetu.

Magavana wawili, ekipe mbili

Tuanze hapa Lubumbashi, juu ni hapa mambo yanaonekana wazi. TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Moja ilianzishwa na wamisionere Wabenedikto, ingine ilikuwa ya watu wa reli, njo maana mpaka leo Lupopo wanaitwa Cheminots. Mwaka 1967 na 1968 Mazembe, wakati ule kwa jina la Englebert, ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo. Moïse Katumbi alizaliwa mwezi wa 12, 1964. Wakati wa kombe lile la kwanza alikuwa bado mutoto mudogo. Sisemi hivi kwa kumushusha. Ninakumbusha tu kwamba klabu ilikuwa na jina mbele ya kuwa na patron.

Na tuseme ukweli wote. Katumbi alikamata uongozi wa Mazembe mwaka 1997, na kazi yake inaonekana kwa macho. Kombe la mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa 12, 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ikapiga Internacional ya Brazili 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu. Inter ya Milano ikatufunga 3-0, lakini tulirudi kifua mbele. Kiwanja cha Kamalondo kimesimama pale, kila mutu anakiona. Mwenye kukataa hayo anakataa jua mchana.

Sasa angalia upande mwengine. Kuanzia 2007 mpaka 2015 prezida wa klabu alikuwa pia gavana wa Katanga. Mwaka 2016 akaenda inje ya inchi, kesi zikamufwata, akarudi mwezi wa 5, 2019. Miaka mitatu. Mazembe ilikamata Kombe la Shirikisho 2016 na tena 2017, kwa hiyo wengine wanasema: muliona, hakukuwa shida. Shida ilikuwa. Habari ya tribinali iligeuka kuwa habari ya mupira. Sapota asiye na chama chochote alijikuta anaomba Mungu juu ya dosie ya mutu mumoja, kwani alijua ekipe yake imefungwa kwa mutu yule kama mbuzi kwa kamba.

Upande wa pili wa muji, Lupopo nayo ikapata gavana: Jacques Kyabula wa Haut-Katanga akakuwa prezida wake. Sisemi alifanya vibaya ao vizuri. Ninasema hivi: muji mumoja, ekipe kubwa mbili, na kila moja ikapita mikononi mwa gavana. Matokeo yake munayajua ninyi wenyewe. Ukisema kocha amekosea kupanga wachezaji wa nyuma, unaulizwa uko wa chama gani. Derbi, yenye ilikuwa ya jirani na jirani kuchokozana na kucheka, sasa inanuka kampanye.

Kinshasa nako haiko mbali na hayo. AS V.Club, bingwa wa Afrika 1973, iliongozwa miaka mingi na jenerali wa jeshi, Gabriel Amisi. Mwaka 2016 Marekani na Umoja wa Ulaya wakamuwekea vikwazo, naye akabaki kwa kiti cha prezida wa klabu. Weka pembeni kama ekipe ilicheza vizuri ao vibaya. Mwaka 2014 ilifika fainali ya mabingwa wa Afrika, na 2018 fainali ya Kombe la Shirikisho. Uliza hili tu: ni sapota gani angesimama mbele ya jenerali kumwambia, "Mukubwa, tuonyeshe kitabu ya makuta"? Mwaka 2020 nafasi ikamufikia mwanasheria Bestine Kazadi, mwanamuke wa kwanza kuongoza klabu ile. Ni jambo la kupongeza. Lakini kama sapota wa kawaida hana njia ya kumuchagua prezida wala ya kumutosha, mutu anabadilika, kiti kinabaki kilekile.

Sheria inasema nini

Klabu zetu nyingi ziko ASBL. Sheria ya ASBL ni namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2001. Inasema kwamba ASBL ni shirika lenye halipatie wanachama wake faida ya mali. Soma tena polepole. Kitu chenye hakipatie mutu faida hakina mwenyewe, kwa maana ile ya shamba ao ya duka. Kina wanachama, kina mukutano mukuu, kina wale waliopewa kazi ya kusimamia. Patron anaweza kuwa mutoaji, na mutoaji tunamushukuru. Mutu akijenga darasa kwa masomo ya kartie, tutaandika jina lake kwa ukuta, tutamupigia makofi. Lakini watoto wenye kusomea mule hawawi wake.

Basi tunapotelea wapi? Kwa mulango wa uanachama. Mara nyingi mwanachama ni mutu wa karibu na patron, sapota ni mutu wa tribini. Mwanachama anapiga kura, sapota anapiga ngoma.

Nilisha kuwa ndani ya kundi moja la masapota, jina naacha. Tulichanga kila mwezi juu ya safari na juu ya matanga ya wenzetu. Siku moja nikauliza mwenye kushika makuta: tumechanga ngapi, imebaki ngapi? Akanijibu: "Mutoto, weye ulianza kupenda ekipe siku gani?" Watu wakacheka, na mambo ikaishia pale. Sisemi mutu yule alikula, sina ushahidi. Chenye kilinishangaza ni kwamba swali lenyewe lilionekana kama kosa. Na ile tabia inashuka kutoka juu. Kama mukubwa hatoi hesabu, mudogo atatoa ya nini?

Tena tunazungumza makuta ya kweli. Muchezaji anauzwa inje: bei gani, na ilienda wapi? Mbwana Samatta, yule Mutanzania aliyetupigia magoli, alitoka Mazembe akaenda Genk ya Ubelgiji mwezi wa 1, 2016. Wengine wengi wametoka kwa klabu zetu mbele yake na nyuma yake. Jiulize mara ngapi, weye sapota, ulipewa karatasi ya komite yenye kuonyesha iliyoingia na iliyotoka. Mimi sijashika hata moja. Kisha msimu ukiharibika tunatukana kipa, mutu mwenye hata hatujui kama alilipwa mwezi uliopita.

Patron wa kutoa na patron wa kutosha

Mutasema: hii ni shida ya umaskini wa Kongo, kule Ulaya mambo iko sawa. Ninyi wa Manchester United, na ninajua muko wengi huku, mutusaidie kujibu. Mwaka 2005 familia ya Glazer, kutoka Marekani, ilinunua klabu ile kwa makuta ya kukopa, na sehemu kubwa ya deni ikawekwa juu ya mugongo wa klabu yenyewe. Klabu iliyokuwa inajitegemea ikaamuka na muzigo wa mamia ya milioni ya paundi. Masapota waliandamana miaka na miaka. Tarehe 2 mwezi wa 5, 2021, waliingia ndani ya Old Trafford mpaka mechi na Liverpool ikaahirishwa. Mwaka 2024 Jim Ratcliffe akanunua karibu robo ya klabu, akapewa mambo ya mupira, wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Glazer bado wakabaki na sauti kubwa kuliko wote.

Mapatron wetu wanaingiza makuta ndani ya klabu. Glazer walileta deni. Tofauti ni kubwa, sikatai. Lakini kwa mutu wa tribini mwisho ni uleule: yule wa Manchester hakuulizwa, yule wa Kamalondo hakuulizwa. Mumoja analia, mwengine anashukuru, wote wawili wanangojea roho ya mutu mwengine iamuke vizuri. Njo maana ninasema tuache kupima tabia ya mutu, tupime kiti chenyewe.

Kuna fasi masapota wako na kura, na tofauti inaonekana. FC Barcelona ni ya wanachama wake. Mwaka 2020 walipochoka na prezida Josep Maria Bartomeu, zaidi ya 20,000 walitia sahihi ili apigiwe kura ya kumutosha. Tarehe 27 mwezi wa 10 akajiuzulu mbele ya kura ile kufika, na mwezi wa 3, 2021 wanachama wakamuchagua Joan Laporta. Hakuna jiwe lililorushwa kwa nyumba ya mutu. Ujerumani nako, isipokuwa klabu chache, wanachama lazima wabaki na zaidi ya nusu ya kura. Mwanzo wa 2024 viongozi wa ligi walitaka kuingiza mwekezaji. Masapota wakarusha mipira ya tenisi ndani ya viwanja wiki kwa wiki, mechi zikasimama, na mwezi wa 2 ligi ikaacha muradi ule.

Nisiwauzie ndoto. Kura haileti akili peke yake. Barcelona yenye wanachama iliingia ndani ya deni la zaidi ya miliari moja ya euro, na Messi akaondoka mwaka 2021 akilia. Wanachama nao wanaweza kuchagua vibaya. Lakini walijua deni ni ngapi, walijua nani alisaini, na wakamubadilisha. Sisi hata namba hatuijui.

"Nani atalipa?"

Hili njo jibu tunalopewa kila siku: "Munaongea mingi, lakini patron akitoka, nani atalipa?" Ni swali la haki. Tiketi yetu haina bei kubwa, makuta ya televizio ni kidogo, na kampuni zenye kutia jina kwa maliyo zinahesabika.

Tupige hesabu kama kwa ubao wa masomo. Tuseme klabu moja kubwa ipate wanachama 10,000, kila mumoja dola 1 kwa mwezi, kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ni dola 120,000 kwa mwaka. Haitoshi kulipa ekipe ya kwenda kushindana na Al Ahly. Lakini dola 120,000 zenye kuandikwa ni mulango. Mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza, na kampuni yenye kutafuta fasi ya kutia makuta inapenda nyumba yenye hesabu kuliko nyumba yenye siri. Patron naye asifukuzwe. Aendelee kutoa, lakini tuandike: hii ni zawadi, ao ni deni? Kama ni zawadi, asante. Kama ni deni, tujue leo, si siku atakapokasirika na kusema "nirudishieni zangu".

Na musituambie kwamba inchi haina makuta ya mupira. Mwaka 2025 serkali yetu ilipatana na AS Monaco, na AC Milan, na FC Barcelona, ili jina la Kongo litangazwe kule. Kwa Barcelona peke yake magazeti yalitaja zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka mine, na jina la inchi yetu nyuma ya maliyo ya mazoezi. Ona vile mambo imegeuka. Makuta ya inchi yenye klabu zake hazina kura yanaenda kwa klabu ya wanachama wenye kupiga kura. Mwanachama wa kule anaweza kusimama kwa mukutano akauliza juu ya mapatano na Kongo. Sisi Wakongo, kwa klabu zetu wenyewe, tunaambiwa tunyamaze.

Tunaomba nini

Tuache kusema "komite itoke" peke yake. Tuseme mambo mane, mafupi, yenye kila sapota wa Katuba, wa Ruashi ao wa Masina anaweza kurudilia bila karatasi.

1. Kadi ya mwanachama kwa bei yenye mwanafunzi anaweza kulipa, na kadi ile iwe na kura. Tusipewe maliyo na chupa ya bia siku ya kampanye na kuitwa "familia".

2. Hesabu itolewe mara moja kwa mwaka, na ibandikwe kwa mulango wa kiwanja: iliyoingia, iliyotoka, wachezaji waliouzwa, madeni, na nani tunamudai ao anatudai.

3. Gavana, waziri na jenerali mwenye kuwa kazini asikalie kiti cha prezida wa klabu. Akitaka kutoa, atoe kama kila mutu. Akitaka kuongoza, aache kwanza ile kiti ingine.

4. Jina, rangi, kiwanja na masomo ya mupira ya watoto viandikwe kuwa mali ya klabu, si ya mutu wala ya familia yake. Kama vimesha andikwa hivyo, tuonyeshwe karatasi, tutafurahi.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata moja yenye kumutukana mutu. Patron mwenye kupenda klabu kweli hawezi kuogopa mambo haya mane. Yanalinda hata kazi yake, maana kile alichojenga kitabaki siku yeye hayuko.

Mawe hayahesabiwi

Neno la mwisho ni juu yetu wenyewe. Mutu akikosa fasi ya kusema, hasira inatokea kwa mukono. Tumeona viti vikingolewa, basi ya wachezaji ikipigwa mawe, mwamuzi akifukuzwa kama mwizi wa kuku. Tarehe 11 mwezi wa 5, 2014, kwa kiwanja cha Tata Raphaël, Kinshasa, V.Club na Mazembe wakicheza, fujo ikaanza, polisi wakarusha gazi ya machozi, watu wakakanyagana. Watu 15 walikufa. Walikuwa wamekuja kuangalia mupira. Hakuna patron aliyepoteza kiti siku ile juu ya mawe yetu. Wamama walipoteza watoto.

Kwa hiyo jiwe tuliache chini. Kila seksio ikae, kartie kwa kartie, ichague watu wawili: mumoja mwenye kujua kuandika vizuri, mwengine mwenye kuheshimiwa na wazee wa ekipe. Waandikie komite barua yenye maswali matatu. Mwanachama wa klabu ni nani na anaingia namna gani? Mukutano mukuu wa mwisho ulifanyika siku gani? Hesabu ya mwaka uliopita iko wapi? Waombe sahihi ya mapokezi juu ya kopi, wapige foto, waitume kwa makundi yetu yote. Wakijibu, tusome pamoja na tuheshimu jibu. Wakinyamaza, tuandike tena kisha siku 15, na siku ya mechi tuingie kiwanjani bila ngoma, bila wimbo, dakika 19 na sekunde 39 kwa ekipe zetu za 1939, kimya kabisa, kila mutu na kopi ya barua mukononi.

Wasapota wa Lupopo na wa Mazembe wafanye hivyo siku moja, ndani ya derbi moja. Kisha dakika zile tutaimba, tutachokozana, na mwenye kupoteza atalipa nyama choma. Lakini barua ziwe zimesha fika.